Tarumbeta Uani

Siku nilipoleta tarumbeta nyumbani nililifunga kwa kanga mbili, nikalibeba kifuani kama mtoto mwenye homa, ili mtu asijue ni kitu gani. Nilikuwa nimepanga chumba Wazo, nyuma ya barabara inayopita malori ya saruji, kwenye nyumba ya vyumba vinavyotazamana na korido katikati inayotokea uani. Aliyewahi kupanga Dar anazijua nyumba za namna hiyo. Kuta hazifiki juu. Zinaishia kwenye linta, na kuanzia hapo ni hewa tupu mpaka kwenye bati, kwa hiyo mtu wa chumba cha mwisho akipiga chafya, wewe wa chumba cha mwanzo unamjibu.

Humo ndimo nilimoleta tarumbeta. Na mimi ni mtu mwoga.

Woga wangu una historia yake. Nilizaliwa Makete, kwenye baridi, nikiwa na pumu. Asubuhi moja ya ukungu, sijaanza hata shule, mama alinifunga mgongoni akateremka nami mbio hadi zahanati ya misheni. Nakumbuka shingo yake iliyolowa jasho, na sauti ya kifua changu mwenyewe, kama mlango ambao bawaba zake hazijawahi kuona mafuta. Nilifika nikiwa hai, lakini tangu siku ile kifua kikibana hata kidogo, ninajua ninakufa. Shida ni kwamba woga nao hubana kifua. Nimeishi miaka mingi bila kuweza kutofautisha kipi ni kipi.

Kwenye kikundi cha matarumbeta cha kanisani niliingizwa na mwalimu wetu, mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi na hakustaafu ukali wake. Nilikuwa nimekwenda kuomba kuimba kwaya. Akanisikia nikihema baada ya kupanda ngazi, akauliza, nikamwambia nina pumu.

"Basi wewe ndiye ninayekutaka," akasema. "Njoo upulize. Utajifunza kuvuta pumzi kwa adabu."

Nikajifunza. Na nilipenda, kwa sababu kwenye kikundi unajificha. Nilisimama katikati, kushoto mtu, kulia mtu, mbele yangu jamaa mwenye mabega mapana aliyekuwa akipiga sauti ya kwanza. Nikikosea, kosa langu lilizama ndani ya sauti zao. Nilikaa hivyo kwa raha kabisa mpaka yule wa mbele alipopata kazi Dodoma akahama.

Mwalimu akatuambia kwamba siku ya sikukuu ya mavuno, ubeti wa mwisho wa wimbo wa shukrani utapigwa na tarumbeta moja, wengine wote wamenyamaza. Kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, mimi sitaweza."

"Sikukuuliza kama utaweza."

Akanisimamisha mbele ya wenzangu palepale. Mate yakakauka mdomoni. Midomo ikaanza kutetemeka yenyewe, na ukishatetemeka mdomo kwenye tarumbeta hakuna cha kuficha. Kilichotoka kilikuwa mlio wa mbuzi mchanga mwenye mafua. Wenzangu wakacheka, hata mimi nikajitia kucheka. Mwalimu peke yake hakucheka.

"Ukitetemeka mbele ya hawa, kanisani utaanguka," akasema. "Tarumbeta hilo nenda nalo nyumbani. Simama, tangaza wimbo, upige kama siku yenyewe. Wapigie watu."

"Watu gani, Mwalimu?"

"Wowote. Ila ukuta si mtu."

Sikumpigia mtu yeyote. Nilirudi kila jioni kutoka Mwenge, nilikokuwa nafanya kazi kwenye steshenari, nikafunga mlango, nikasokomeza fulana ndani ya mdomo mpana wa tarumbeta, nikaingia chini ya shuka, nikapuliza. Mstari wa kwanza nusu, nasimama kusikiliza kama kuna mtu amekasirika. Mstari wa pili, nasimama. Mstari wa tatu ndio uliokuwa unanitisha, maana unapanda, unapanda hadi noti moja ya juu ambayo midomo lazima iibane kwa nguvu, na mimi nikifika hapo nguvu zilikuwa zinanikimbia. Mstari wa nne sikuwa naufikia kabisa.

Chumba cha pembeni yangu aliishi mwanamume mmoja wa Masasi, mrefu, mnene wa mikono, aliyefanya kazi kiwanda cha saruji zamu ya usiku. Mke na watoto wake walikuwa kwao. Alilala mchana, Jumamosi na Jumapili nazo alilala mchana, na kila mtu humo ndani alipita korido kwa kunyata. Mimi na yeye tulikuwa tunaambiana "salama" tu. Jumapili moja mchana nikajisahau, nikapuliza bila fulana. Akapiga ukuta ngumi. Moja tu. Vumbi la chokaa likadondoka kwenye mto wangu. Nilikaa kitandani nimekumbatia lile tarumbeta, siwezi hata kuliweka chini, nikiogopa litagonga kitu.

Siku chache baadaye mama mwenye nyumba akaniita. Alikuwa mjane mtu mzima, mtu wa Lindi, na wapangaji wote tulimwita Mama. Nilimkuta uani kwenye mkeka wake akichambua mchele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akaendelea kuchambua mchele.

"Hicho unachokipuliza humo ndani ni nini?"

"Tarumbeta, Mama. La kanisani. Naomba uniwie radhi, nitaacha."

"Nani kakwambia uache? Mie na marehemu mume wangu tumecheza sana matarumbeta ya harusi, mpaka viatu vimekatika. Sikukatazi. Ila unatutesa, mwanangu. Unaanza, unaacha. Unaanza, unaacha. Kama chafya inayokataa kutoka. Jirani yako hapati usingizi, na mie nikiwa kwenye swala nakaa nasubiri mwisho wa wimbo wako badala ya kumsubiri Mungu."

Nikaanza kuomba radhi tena. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sikiliza. Jumamosi, tukishaswali alasiri, utatoka hapa uani utupigie wimbo mzima. Mwanzo mpaka mwisho. Sie tutakaa tukusikilize kama watu. Siku zilizobaki, tupumzike."

Nilirudi chumbani nikafikiria kuhama. Sisemi kwa kutia chumvi. Kesho yake kazini nilimuuliza dalali mmoja kuhusu vyumba vya Mwananyamala.

Jumamosi ilipofika sikuweza kula. Nilipiga pasi gauni, nikalivaa, nikalivua, nikavaa jingine. Kupitia juu ya ukuta nikasikia uani kunafagiliwa. Nikasikia benchi linaburutwa. Nilipofika uani niliona Mama ametandika mikeka miwili na kujifunga kanga za kutokea, zile alizokuwa akivaa kwenye shughuli. Mpangaji muuza vitumbua alikuwa pale na watoto wake, na msichana wa chumba cha mbele aliyekuwa akisomea ualimu, na majirani wawili walioingia kuchota maji wakaamua kukaa. Hawa watu nilikuwa naonana nao kila siku nikiwa na kandambili na ndoo. Siku ile nilipita mbele yao hadi kwenye karo la kufulia kana kwamba siwajui.

"Kwanza tuambie unatupigia nini," Mama akasema.

"Wimbo wa shukrani."

"Hatujasikia."

"Wimbo wa shukrani!" Nilipiga kelele bila kutaka, watoto wakacheka.

Nikaweka tarumbeta mdomoni. Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka na mikwaruzo. Nikaanza kupanda ule wa tatu, na ghafla mlango wa chumba cha pembeni ukafunguka, jirani yangu akatokea na singlendi na shuka kiunoni, macho mekundu ya usingizi, akasimama kwenye kizingiti cha uani akaniangalia. Pumzi ikaisha palepale. Sauti ilikatika kama kamba. Nikashusha tarumbeta, nikapita pembeni yake nimeinamisha kichwa, nikaingia chumbani kwangu nikafunga kitasa.

Kwa kuwa kuta hazifiki juu, nilisikia yote.

"Umeisha?" Mama akauliza.

"Bado kidogo," mtoto mmoja akajibu.

Jioni Mama akagonga. Nilidhani amekuja kunionea huruma. Alisimama mlangoni akasema, "Jumamosi ijayo," akaenda zake.

Nilipomweleza mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Huyo mama mwenye nyumba mwambie aje anisaidie kufundisha," akasema. Kisha akanipa kanuni moja tu: nikikosea nisirudi nyuma. Aliyekosea na kurudi amekosea mara mbili, na wasikilizaji wote wamejua. Nipite tu, kama mtu aliyekanyaga tope mbele za watu.

Wiki zikafuatana. Woga ulikuwa unaanza Jumatano. Alhamisi ninalala vibaya. Ijumaa kazini natoa fotokopi upande usio na maandishi, wateja wananirudishia makaratasi meupe. Jumamosi asubuhi viganja vimelowa, na kila nikimeza mate nasikia yanavyopita. Nilijipaka mafuta ya mgando midomoni, nikanywa maji ya uvuguvugu, nikaomba. Nilipotoka nilitangaza wimbo, nikapuliza, na kila Jumamosi niliishia palepale, kwenye noti ile ya juu, kama gari linaloshindwa mlima. Nilisimama hapo kimya huku watu wakinitazama kwa adabu, kisha nikasema asante, nikaingia ndani.

Nilitegemea watachoka. Wakaongezeka. Ukuta wa nje wa uani ulikuwa mfupi, na juu yake vilianza kutokea vichwa vya watu wa nyumba za jirani. Mtu mmoja alikuja na kiti chake. Na jirani yangu wa zamu ya usiku, ambaye nilidhani ataomba kikao cha wapangaji nifukuzwe, alikuwa anatoka kila Jumamosi na kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono kwenye magoti, ananiangalia bila kutabasamu. Nilimwogopa yeye kuliko wote waliobaki wakiunganishwa. Nilijiambia siku moja atanyanyuka anipokonye lile tarumbeta alikunje.

Kisha ikaja Jumamosi ya joto, upepo unatoka upande wa kilima cha kiwanda cha saruji na vumbi jeupe limetanda kwenye nguo zilizoanikwa. Mama alikuwa na wageni, ndugu zake wa Temeke, wanawake wanne waliojitanda na kunukia udi. Alikuwa amewasimulia habari zangu. Wakawekewa viti vya plastiki mbele kabisa. Nilipotoka mlangoni nikaona macho yao yote kwa mpigo.

"Huyu ndiye?" mmoja akanong'ona.

"Ndiye. Tulia umsikie."

Nikatangaza. Nikaanza. Katikati ya mstari wa pili kifua kikabana, na ule mbano niliujua. Ulikuwa ule wa mgongoni kwa mama, wa kwenye ukungu. Nikavuta hewa, haikuja. Nikavuta tena haraka zaidi. Midomo ikaanza kufa ganzi, vidole vikajikunja vyenyewe kama makucha, tarumbeta likaniponyoka likagonga ukingo wa karo. Nilisikia mlio wa chuma, mbali sana. Nikajua ndiyo siku yenyewe. Ndiyo hii, na nimevaa gauni la bluu, na mama yangu yuko Makete hana habari.

"Pampu!" Nilidhani nimeomba ile dawa yangu ya pumu ya kuvuta, lakini sauti haikutoka.

"Dawa yake! Dawa yake iko wapi?" Mama alikuwa anapiga kelele. Mtu akakimbilia chumbani kwangu, vitu vikaanguka. Kabla pampu haijapatikana nilihisi nimenyanyuliwa mzima mzima. Ni jirani yangu. Alinibeba mikononi akapita nami korido, akatoka barabarani, akasimamisha bajaji kwa kujiweka mbele yake. Mama alikimbia nyuma akisema tuende Mwananyamala hospitalini, yeye akamjibu, "Mbali, Mama! Mbali!" akamwambia dereva atupeleke kituo cha afya cha karibu.

Ndani ya bajaji alinielekeza uso kwenye upepo.

"Vuta, sista. Vuta taratibu. Usilale. Niangalie mie, usilale."

Alikuwa ananukia sabuni ya kufulia. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kichwa changu kisigonge chuma, na nikahisi kwamba unatetemeka. Ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Katika woga wangu wote nilipata nafasi ya kushangaa: mtu huyu anaogopa.

Kituoni daktari kijana alinibana kidole kwa kile kifaa cha kupimia hewa kwenye damu, akanisikiliza mgongoni na kifuani, akarudia, akanisikiliza tena. Akanyoosha vidole vyangu kimoja kimoja.

"Kifua chako kiko safi," akasema.

"Nina pumu."

"Najua, umeniambia. Lakini leo siyo pumu. Hakuna mluzi hata mmoja humu ndani. Ulikuwa unafanya nini ilipoanza?"

Jirani yangu, aliyesimama kwenye pazia na singlendi yake, akajibu kwa niaba yangu. "Alikuwa anatupigia tarumbeta."

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine kuona kama tunamtania.

"Basi ni woga," akasema. "Uliogopa ukahema haraka mno. Ndio maana ya hiyo ganzi na vidole kujikunja. Haiui, ingawa mwenyewe unaona unakufa. Pampu yako kaa nayo karibu kama kawaida. Ila ikija namna hii, usipiganie kuvuta. Toa. Toa polepole, kama unapuliza chai ya moto."

Angenipiga kibao nisingeona aibu kama ile. Nilitamani iwe pumu. Pumu ni ugonjwa, ina jina, ina dawa, mtu anakupa pole. Sasa nitawaambia nini watu wa uani, kwamba nimebebwa mbele ya wageni kwa sababu ya kuwaogopa wao? Na chini ya aibu kulikuwa na woga mpya, mkubwa kuliko wa kwanza. Kama mapafu ni mazima, basi kinachonikaba ni mimi mwenyewe, na mimi mwenyewe niko nami kila mahali.

Tulirudi kwa bajaji nyingine. Tulifika karibu na kona ya kwetu. Akakohoa.

"Sista, nikuulize kitu?"

Nikasubiri aniambie niache kupiga.

"Ule wimbo unaishaje?"

"Unasemaje?"

"Unaishaje? Kila wiki unaniacha pale juu. Naenda kazini, nasimama pale inapotoka mifuko, kichwani wimbo unapanda, unapanda, halafu basi. Nimejaribu kuumalizia mwenyewe haukubali. Mie silali vizuri, sista. Siyo makelele. Ni hilo."

"Si uligonga ukuta?"

"Siku ile nilikuwa nimelala," akasema, kama jambo lililo wazi.

Basi nikamwimbia mstari wa nne, kwa sauti ya chini, bajaji inaruka mashimo. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akainua kichwa.

"Kumbe unashuka."

"Unashuka."

"Mie nilidhani unaendelea kupanda. Nikasema ndio maana maskini anaogopa."

Mama alikuwa ametungojea mlangoni, wageni wake wamekwisha kuondoka. Alinikumbatia, akaniingiza ndani mwake, akanipa uji wenye pilipili manga. Tarumbeta alikuwa amelifuta vumbi na kulilaza kwenye kochi lake. Lilikuwa limebonyea upande mmoja.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekulazimisha. Yaishe. Jumamosi hizi tena basi."

Nilisema sawa upesi sana, kabla hajabadili mawazo. Nililala vizuri siku ile. Jumapili nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Jumatatu pia.

Jumatano woga ukaja.

Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, viganja vikaanza kulowa. Nikajiambia, hakuna kitu Jumamosi, imefutwa. Alhamisi nikalala vibaya vilevile. Jumamosi yenyewe, baada ya adhana ya alasiri, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda moyo unadunda, na uani hapakuwa na mtu. Hapakufagiliwa, hapakuburutwa benchi. Kila mtu alikuwa chumbani mwake, kimya, ananihurumia. Na mimi natetemeka palepale kama kawaida, nikisubiri jambo ambalo halipo. Hapo ndipo nilipokasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nilikuwa nimedhani nikiacha kupiga nitaacha kuogopa. Sasa tarumbeta nimenyang'anywa, woga nimeachiwa.

Nikalichukua nikatoka nalo. Nilikuwa na kandambili na kanga, sikuwa nimepiga pasi kitu. Nikasimama kwenye karo.

"Wimbo wa shukrani," nikasema kwenye uani mtupu.

Mlango wa Mama ukafunguka kwanza. Alinitazama, akarudi ndani, akatoka na mkeka chini ya kwapa. Akapita chumbani kwangu, akatoka na pampu yangu, akakaa akaiweka mapajani na kuifunika kwa mkono wake.

"Haya," akasema.

Kabla ya kuanza nilitoa pumzi polepole, kama napuliza chai. Nikapiga. Muuza vitumbua akatoka, msichana wa ualimu akatoka. Magoti yalikuwa yanagongana chini ya kanga na sikuyazuia. Mstari wa tatu ukaanza kupanda, midomo ikatetemeka, noti ya juu ikapasuka vibaya, mlio wa mbuzi uleule, na kila kiungo cha mwili wangu kikataka kusimama. Nikapita. Nikajikuta upande wa pili, kwenye mstari wa nne, mahali ambapo sikuwahi kufika mbele ya mtu, nikateremka nao noti baada ya noti hadi chini, nikashikilia ile ya mwisho mpaka pumzi ilipoisha kwa haki yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani hawakuamini kama umeisha. Kisha juu ya ukuta, kutoka chumba cha mtu aliyekuwa bado kitandani, ikaja sauti nzito ya usingizi:

"Umeshuka!"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Sikukuu ya mavuno ilifika. Ningependa kusema nilikuwa nimepona, lakini asubuhi ile nilitapika nyuma ya kanisa, kwenye migomba ya mchungaji, na mke wa mchungaji akaniletea maji akidhani nina mimba. Ndani kulikuwa na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu. Mama hakuja, alisema ataniombea akiwa kwake. Jirani yangu alikuja moja kwa moja kutoka zamu, buti zina vumbi jeupe, akasimama mlangoni kabisa kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu.

Kikundi kilipiga beti za mwanzo. Kikanyamaza. Nikapiga hatua mbele. Ukimya wa kanisa lililojaa siyo kama ukimya wa uani. Una uzito, unakukalia mabegani. Nikatoa pumzi. Nikapiga ubeti ule nikitetemeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Katikati kuku mmoja akapiga kelele, watoto wakacheka, na kwenye noti ya juu sauti yangu ilipata ufa mwembamba. Nikapita. Nikashuka. Nikarudi nyuma kwenye nafasi yangu, sioni vizuri.

Mzee wa kanisa akasimama papo hapo akatangaza kwamba mnada unaanza na boga lile kubwa la mbele. Watu wakageukia boga. Hayo ndiyo yaliyokuwa mwisho wa kitu nilichokiogopa miezi yote ile. Mwalimu, bila kunitazama, akaninong'oneza, "Umepita," akaanza kukunja makaratasi yake.

Jirani yangu alihama mwaka uliofuata. Alirudi Masasi kwa familia yake, na siku ya kuondoka Mama alilia kuliko wote. Mimi bado niko kwenye chumba kilekile. Jumamosi bado napiga, nyimbo nyingine sasa, na woga siku hizi haunianzi Jumatano. Unanianza Jumamosi yenyewe, mchana, ninapoanika nguo.

Wiki iliyopita mpangaji mpya, dada mmoja kutoka Bukoba, aliniona mlangoni kabla sijatoka. Alinishika mkono.

"Dada, mbona unatetemeka? Unaumwa?"

"Siumwi. Naogopa."

"Unaogopa nini? Si tuko wenyewe kwa wenyewe hapa?"

"Nawaogopa nyie," nikamwambia.

Akaniangalia, akaona sitanii. Akaenda kukaa kwenye benchi, akasogea pembeni kidogo, akageuza uso upande wa kamba za nguo ili asinitazame.

"Haya, anza," akasema. "Mie sikuoni."